Kukimbia kwa daftari

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kazi yangu ni kujua nondo ngapi zimetoka, saruji mifuko mingapi imekopwa, na nani anatuambia "Ijumaa nakuja" tangu mwezi wa tatu. Nasema mapema ili ujue anayekuelekeza hapa si kocha. Shuleni sikukimbia zaidi ya mchakamchaka, na hata huo nilikuwa naukwepa kwa kujifanya nafagia darasa. Nilianza mbio nikiwa na miaka 42, baada ya daktari kunipima presha, akaitazama mashine, akaipima tena, kisha akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea Strava kwenye simu, programu inayorekodi mbio zako: njia, umbali na muda. Nitaeleza ninavyoitumia, bila saa ya mkononi, bila kocha, na bila kulipia chochote, kumtoa mtu kwenye kilomita tano za kuhema mpaka nusu marathoni, yaani kilomita 21.1. Mfano wangu ni ile ya Moshi, Kilimanjaro Marathon, inayokimbiwa mwishoni mwa Februari, kwa kuwa ndiyo niliyojiandaa nayo. Ukiwa na programu nyingine, mambo ni yaleyale, vitufe tu ndivyo vinabadilika.

Wiki sita za kwanza niliitumia vibaya kabisa. Njia moja, kilomita tano, Tabata Kimanga kuelekea Segerea na kurudi, na kila asubuhi nilikuwa nashindana na jana. Nikipunguza sekunde kumi, siku nzima dukani natabasamu. Nikiongeza sekunde kumi, wateja wa mkopo wananikoma. Wiki ya saba mfupa wa ugoko ukaanza kuuma, kwanza nikiwa nakimbia, baadaye hata nikipanda ngazi za ofisini. Nikakaa chini na simu, nikazisoma zile mbio zote kama ninavyosoma daftari la mauzo, mstari kwa mstari. Mbio thelathini na kitu, zote kwa nguvu ileile, na za wiki ya sita hazikuwa na kasi kuliko za wiki ya pili. Duka la namna hiyo ningemshauri mwenye nalo alifunge.

Kabla hujatoka getini

Anza na betri. Simu nyingi za bei zetu zina tabia ya kuzima programu inayofanya kazi kimyakimya. Skrini ikizimika, baada ya dakika chache simu inaona Strava inakula chaji bure, inainyonga. Siku yangu ya tatu nilirudi nikakuta ramani imenichora kwa mstari ulionyooka kama rula, nimepita juu ya mapaa ya watu na juu ya msikiti, nikatokea upande wa pili. Kilomita tano zikawa tatu na nusu. Dawa yake: ingia kwenye mipangilio ya simu, fungua orodha ya programu, chagua Strava, nenda sehemu ya betri, uiruhusu itumie betri bila kizuizi. Ukiwa hapohapo, iruhusu kuona mahali ulipo, tena mahali kamili, si pa kukadiria. Na ukishabonyeza kuanza, acha ile tabia yetu ya kufagia kwa kidole programu zote zilizo wazi. Ukifagia, na hiyo inaondoka na takataka.

Bando halihitajiki. Shoga yangu mmoja alikuwa haji mbio mwisho wa mwezi eti bando limekata. Simu inapokea mawimbi ya setelaiti moja kwa moja kutoka angani, bure, hata ukiwa umezima data. Utakosa picha ya ramani wakati unakimbia, basi. Ukirudi nyumbani ukapata intaneti, mbio zako zitapanda zenyewe.

Kabla ya kuanza, simama mahali pa wazi mpaka programu ikuambie imepata mawimbi. Simu inahitaji kuzisikia setelaiti zisizopungua nne kwa pamoja ili ijue ilipo, na kuta hazisaidii. Nimewahi kujaribu kurekodi katikati ya maghorofa ya Kariakoo, mawimbi yakawa yanagonga kuta na kurudi, ramani ikanionyesha nimeyumba kama mtu anayetoka kilabuni. Weka vipimo viwe kilomita, si maili. Kuna sauti inayokutajia umbali na mwendo wako kila kilomita; ni ya Kiingereza, lakini tarakimu utazielewa. Sikio moja tu lipewe hiyo kazi, jingine liachie bodaboda.

Simu ivae mkanda wa kiunoni. Nimejaribu kuishika mkononi na bega likapanda juu bila mimi kujua. Nimejaribu pia pale wanawake tunapoweka hela sokoni, na jasho likajibonyezea vitufe lenyewe.

Sasa kitu ambacho kilinidanganya miezi miwili. Strava ina uwezo wa kusimamisha saa yenyewe ukisimama, kisha ikaendelea ukianza kwenda. Ukivuka barabara, raha. Lakini na mimi nilikuwa nasimama kununua maji, kufunga kamba, kusalimiana na mama wa maandazi, na yote hayo hayahesabiki. Nikaamini nina kilomita kumi za saa 1 na dakika 16. Siku niliyoangalia muda wote uliopita tangu nitoke getini, ilikuwa saa 1 na dakika 27. Siku ya mashindano saa ya pale mwisho haijui habari za maandazi. Izime hiyo huduma, ukisimama saa itembee.

Dada zangu, hii ni yenu zaidi. Usipogusa kitu, mbio zako huweza kuonekana na mtu yeyote, pamoja na ramani inayoanzia mlangoni kwako na saa unayotoka kila siku. Mimi natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, bado giza. Nenda kwenye mipangilio ya faragha, weka wanaokufuata tu ndio waone, na wanaotaka kukufuata waombe ruhusa kwanza. Halafu tafuta sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia, uandike anwani ya nyumbani. Unaweza kuficha mpaka kama kilomita moja na nusu kuzunguka nyumba. Anayedhani ni woga wa kike akumbuke Januari 2018: Strava walikuwa wamechapisha ramani ya dunia nzima inayong'aa kila watu wanapokimbia, na watu wakaona kambi za kijeshi zimejichora zenyewe katikati ya majangwa, kwa sababu askari walikuwa wanarekodi mazoezi yao. Kama kambi imeonekana, geti la Kimanga je?

Wiki tatu za kuandika tu

Usibadilishe chochote wiki tatu za mwanzo. Kimbia unavyokimbia, rekodi, tafuta jumla ya kilomita za wiki. Mhasibu anayeingia duka jipya hapandishi bei siku ya kwanza, anahesabu kwanza kilichomo. Mimi nilipoanza upya baada ya ugoko nilikuta nina kilomita 15 kwa wiki. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia, na haijalishi jirani ana 50.

Katika wiki hizo jifunze kusoma mwendo, ambao wenzangu wa klabu za joging wanauita pesi. Ni dakika unazotumia kumaliza kilomita moja. 7:30 ni dakika saba na sekunde thelathini. Namba ikiwa ndogo ndiyo kasi kubwa, kinyume na mshale wa bodaboda, na hapo wengi huchanganyikiwa wiki nzima. Ili ujue tulipo: marehemu Kelvin Kiptum, mkimbiaji wa Kenya, alipoweka rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwaka 2023, saa 2:00:35, alikuwa anamaliza kila kilomita kwa wastani wa 2:51, mara arobaini na mbili mfululizo. Mimi nikimaliza kilomita moja ya 7:30, yeye angekuwa ameshamaliza mbili na nusu na kupita. Nilivyopiga hesabu hiyo nikacheka peke yangu kwenye daladala, na kuanzia hapo nikaacha kuona aibu ya namba yangu.

Kisha fungua orodha ya kilomita moja moja. Wengi hawaifungui, wanatazama wastani wa juu na kuweka simu mfukoni. Angalia mbili zangu, njia ileile ya kilomita tano.

Ya wiki ya nne: 6:58, 7:20, 7:49, 8:15, 8:31.

Ya miezi miwili baadaye: 8:05, 8:01, 7:58, 7:55, 7:40.

Zijumlishe. Ya kwanza ni dakika 38 na sekunde 53, ya pili 39 na sekunde 39. Tofauti ni sekunde 46. Kwa sekunde 46 hizo, siku ile ya kwanza nililala barazani miguu juu ya ukuta na nikachelewa kazini. Siku ya ile mbio nyingine nilioga, nikapika chai, nikafunga vitabu vya jana kabla bosi hajafika. Ukiona kilomita yako ya kwanza ndiyo yenye kasi kuliko zote, kila siku, basi unatoka nyumbani na deni.

Polepole maana yake nini

Watu husema kimbia polepole, halafu wanakuachia hapo. Mimi kipimo changu ni kuongea. Nikiwa nakimbia nataja kwa sauti majina ya wateja wenye madeni na kiasi wanachodaiwa. Nikimaliza jina na kiasi kwa pumzi moja bila kukata, niko sawa. Nikianza kusema "fundi wa... Mbagala... laki..." nimezidisha, nalegeza. Wewe tumia sala, tumia mashairi, tumia chochote, mradi kiwe sentensi nzima. Baada ya wiki mbili za kufanya hivyo, rudi kwenye programu uone mwendo wa siku hizo ulikuwa ngapi. Kwangu ulikuwa kati ya 8:00 na 8:20. Namba hiyo imetoka mwilini ndipo ikaingia kwenye simu. Ukianza na namba ya simu ukaulazimisha mwili, unarudi kwenye ugoko.

Na namba hiyo inatembea. Mazoezi ya Moshi yanaangukia Novemba mpaka Februari, na Dar unajua Januari inavyokuwa: saa kumi na moja alfajiri hewa tayari nzito kama kitambaa kilicholowa. Jasho halikauki, mwili haupoi, moyo unafanya kazi ya ziada kupeleka damu kwenye ngozi. Mwendo wangu wa kutaja madeni ukashuka mpaka 8:40. Wiki mbili nikadhani nimeharibika. Kumbe nguvu ni ileile, hewa ndiyo imebadilika. Kwa hiyo ukilinganisha, linganisha asubuhi ya Januari na asubuhi nyingine ya Januari.

Katika mbio nne za wiki, tatu ziwe za namna hiyo. Moja tu iwe ya kukaza, na ya kwangu ni Alhamisi. Sina saa ya kunipigia kengele, kwa hiyo natumia nguzo za umeme: nguzo tatu kasi, nguzo tatu za kujivuta, mara nane, baada ya dakika kumi za kupasha mwili. Simu inarekodi tu. Ukirudi, fungua grafu ya mwendo. Inatakiwa ifanane na meno ya msumeno, yote yakiwa na urefu unaokaribiana. Yangu ya kwanza ilikuwa ngazi ya kushuka: jino la kwanza refu, la nane halionekani. Wiki iliyofuata nilianza taratibu makusudi, na la nane likawa refu kuliko la kwanza. Sikumbuki mauzo gani yalinifurahisha kama grafu ile.

Kuhusu mapigo ya moyo nitasema kidogo. Ile hesabu ya 220 kutoa umri, ya kutafuta mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, ni ya kukadiria. Kwangu inatoa 177 nikiwa na 43, na mtu wa umri wangu anaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa mbali. Niliwahi kuazima saa ya mkononi ya bei nafuu. Ikanionyesha mapigo 165 wakati napiga soga na shoga yangu njia nzima. Baadaye nikagundua hatua zangu kwa dakika ni karibu 165. Saa ilikuwa inahesabu miguu. Saa za mkononi zinazosoma mapigo kwa taa hufanya hivyo wakati mwingine, hasa zikiwa zimelegea. Nikairudisha kwa mwenyewe na shukrani.

Hesabu ya wiki

Ukurasa wako una grafu ya jumla za wiki zilizopita, na ndiyo ukurasa ninaoutazama kuliko wote. Mbio ya siku moja haina maana kubwa. Ni risiti moja. Wiki ndiyo inayoonyesha duka linakwendaje.

Kutoka 15 nilipanda hivi, wiki kumi na sita: 15, 17, 18, 13; kisha 18, 20, 22, 16; kisha 22, 24, 27, 19; kisha 28, 31, 24, na wiki ya mashindano yenyewe. Utaona kila wiki ya nne nashuka. Si uvivu, mwili unajengeka ukipumzishwa. Mbio ndefu ya Jumamosi ilianza kilomita 6 ikaishia 18, wiki mbili kabla ya Moshi. Sikuwahi kukimbia 21 kabla ya siku yenyewe, na hukosi kitu.

Wiki ya saba kwenye karatasi inasema 22. Kwenye simu inasema 4. Tulipata msiba Tanga, nikakaa siku tisa. Niliporudi nikaitazama ile fimbo fupi katikati ya ndefu, na mkono wa mhasibu ukaanza kuwasha: 18 zimepungua, tuzigawe wiki tatu zijazo, sita sita, daftari lisawazike. Usifanye hivyo. Kilomita ambazo hukukimbia hazihamishiwi mwezi ujao. Nilianza tena na 13, wiki ya pili 18, nikaiunganisha na mpango pale ulipofika. Malaria vilevile, na safari vilevile.

Strava haijui usiku ulilala saa nne au saa tisa. Kwa hiyo pembeni nina daftari la kawaida la kurasa 80, mistari mitano: tarehe, kilomita, dakika, usingizi, na ugumu kuanzia 1 hadi 10 jinsi nilivyoisikia mimi. Nazidisha dakika kwa ugumu. Wiki moja ya Desemba: Jumanne dakika 42 mara 3, 126. Alhamisi dakika 38 mara 7, 266. Ijumaa dakika 30 mara 2, 60. Jumamosi dakika 95 mara 4, 380. Jumla 832. Ona Alhamisi: dakika chache kuliko Jumanne, mzigo zaidi ya mara mbili. Kilomita peke yake zisingekuambia hilo. Nikiona jumla ya wiki imeruka kwa theluthi nzima juu ya ile iliyopita, wiki inayofuata naikata kabla ugoko haujaniandikia barua.

Mbio zikirekodiwa, Strava huzipa jina la Kizungu lisilo na habari yoyote, la mbio za asubuhi. Badilisha. Yangu yanaitwa "Miguu ya mbao", "Mvua imenikuta Segerea", "Mbwa wa geti la bluu", "Nilitaka kurudi lakini mpwa aliniona". Ukisoma majina ya mwezi mzima utaona mwenyewe ulivyokuwa. Nilipata "Miguu ya mbao" tatu katika wiki moja. Hapo sikuhitaji grafu.

Kuna kitu kinaitwa segimenti: vipande vya barabara ambapo programu inakupanga na watu wote waliowahi kupita. Daraja la Tanzanite lina vyake, na asubuhi za Jumamosi pale juu ya bahari kuna upepo mzuri na watu wenye miguu ya swala. Mwezi mmoja mzima kila nikienda kule nilikuwa naharibu mbio ndefu kwa dakika saba za kutaka kupanda nafasi mbili. Kulikuwa na mama mmoja sijawahi kumwona, mbele yangu kwa sekunde nne. Sekunde nne! Nilimpita wiki ya tano, na Jumanne iliyofuata sikuweza kuchuchumaa. Kaa mbali na vipande hivyo siku za polepole. Mbio za klabu pia, za kuimba na filimbi, nazirekodi kwa furaha na kuziandikia "burudani". Mwendo wake unapanda na kushuka kwa wimbo, hauna cha kukufundisha kwenye grafu.

Mlima

Dar ni tambarare. Nusu marathoni ya Moshi nusu yake ya kwanza ni kupanda kuelekea Mweka, upande wa Mlima Kilimanjaro, kisha unageuka na kushuka. Ukijiandaa kwa mwendo wa Kimanga, mlima utakucheka. Nilitafuta vilima nilivyoweza kuvifikia: ile miinuko ya Chuo Kikuu Mlimani, na mara mbili Pugu. Kwenye mlima tupa namba ya mwendo. Kipimo kinachokufaa ni pumzi na dakika. Kilomita yangu moja ya Pugu ilikuwa 9:50 na nilikuwa nahema kuliko 7:20 ya Segerea. Anayelipia Strava huonyeshwa mwendo uliorekebishwa kwa mwinuko. Mimi nilitumia madeni yangu, nikishindwa kutaja jina na kiasi natembea hatua ishirini.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni kushuka. Kupanda kunachosha mapafu, kushuka kunapiga mapaja, na mapaja hulipiza siku ya pili. Baada ya Pugu ya kwanza nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, bosi akaita wafanyakazi wote waje waone. Pugu ya pili nilikuwa mzima. Kwa hiyo fanya angalau mara mbili, na ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya mashindano.

Siku yenyewe

Chaji ijae, mkanda ukazwe, sauti izimwe. Ndiyo, sauti izimwe: kilomita kumi za kupanda ukiambiwa kila mara kwamba unakwenda polepole ni mateso yasiyo na faida. Bonyeza kuanza unapovuka mstari, si unaposimama kwenye msongamano. Nilijiwekea kutazama simu kila vibao vya kilomita tano tu, na nitazame muda, si mwendo.

Maana mwendo wa simu siku ya mashindano unadanganya kidogo. Njia hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote kwenye kona, na wewe huupati, kwa sababu una watu elfu mbele yako na maji yako upande wa pili. Simu nayo ina makosa yake. Mwisho wa yote yangu ilisoma kilomita 21.4 badala ya 21.1. Hesabu ni ndogo lakini inauma: ukitaka kumaliza kwa saa 2 na dakika 50, mwendo halisi ni 8:03, ila simu iliyozidisha umbali inatakiwa isome 7:57. Anayeitazama simu ikisema 8:03 akatulia, anafika dakika mbili na zaidi baada ya muda wake. Fuata vibao vya njiani.

Nilipanda kwa wastani wa 8:45, nikiwataja wadaiwa kimoyomoyo mpaka wakaisha nikaanza upya. Pale pa kugeukia mlima ulikuwa wazi, mweupe juu, na nilisimama sekunde chache kuutazama kwa sababu saa ilikuwa inatembea na nilikuwa nimeshalihesabu hilo. Nikashuka kwa 7:25. Saa 2 na dakika 50, na ushee.

Raba

Nimesahau kitu kimoja ambacho ni bure na wengi hawakijui: Strava inakuruhusu kuandikisha raba zako, na kila mbio inaongeza kilomita kwenye akaunti ya raba. Kwa kawaida raba ya mbio hudumu kati ya kilomita 500 na 800 hivi, kutegemea uzito wako na barabara. Tatizo letu ni kwamba mimi raba nanunua Karume, mtumba, na mtumba unakuja na historia isiyoandikwa. Nageuza soli, naangalia kisigino kimelika upande gani, nabonyeza povu kwa kidole gumba kama anayechagua parachichi, kisha nakadiria. Zile za Moshi nilizifungulia akaunti kwa salio la mwanzo la kilomita 300, nililoliandika kwenye daftari. Zilipofika 652 kwa jumla, goti la kulia likaanza kunong'ona, nikazistaafisha. Sasa mpwa wangu anafyekea majani nazo. Jumamosi iliyopita nimepata nyingine, za bluu, kisigino bado kizima. Nimeziandika 200.